Kerege: Ukipanda mtama peke yako, umewapandia ndege

Msomaji wangu, wiki hii sikupeleki disko wala ufukweni. Weka chini hiyo soda, vaa raba, chukua na kofia. Tunakwenda Kerege kupanda mtama.

Najua umeshaguna. Mtama? Si ndiyo uji wa wagonjwa na chakula cha kuku? Hata mimi nilikuwa na mawazo hayo hayo. Mimi mtoto wa mjini, jembe nilikuwa nalijua kwa kuliona kwenye noti na kwenye nembo ya taifa. Lakini ukishanunua kiwanja nje ya mji na mfuko ukagoma kujenga, utajikuta unajifunza mambo ambayo hukuyapanga.

Kerege si mbali. Shika barabara ya Bagamoyo, pita Tegeta, pita Boko, ukifika Bunju jua Dar inakuaga. Mapinga tayari uko mkoa wa Pwani, na baada ya hapo ndiyo Kerege yenyewe. Wenzako kwenye gari wanaendelea mbele, wanakwenda kupiga picha magofu ya Kaole na kanisa la wamisionari. Wewe unagonga bodi, unashukia njiani, konda anakuangalia kama umepotea.

Ukishuka, kitu cha kwanza kukukaribisha ni mikorosho na miembe. Cha pili ni mawe ya mipaka. Kila hatua chache kuna jiwe, kila baada ya mawe manne kuna ukuta ulioishia kiunoni, na kila ukuta umeandikwa kwa rangi nyekundu: KIWANJA HIKI HAKIUZWI, MATAPELI MKOME. Hapo ndipo na mimi nina robo eka yangu. Ukuta sina, maandishi sina, nyasi ninazo.

Zamani pakaitwa mashamba. Miaka ya 1960, baada ya Uhuru, Kerege ilikuwa moja ya sehemu ambazo Serikali ilijaribu mpango wa vijiji vya makazi, watu wahamie pamoja na walime kwa pamoja. Na kabla ya hapo, karne ya 19, pwani yote hii ya Mrima ilikuwa inakula mtama kuliko unavyokula chipsi wewe. Misafara iliyokuwa ikitoka Bagamoyo kwenda bara ilimpimia kila mpagazi posho yake kwa kibaba cha nafaka. Malindi kule Kenya walikuwa wanaupakia mtama majahazini kwenda Unguja na hadi Arabuni. Mahindi na mhogo vikaja vikashika sahani, mtama ukasogezwa pembeni, ukaonekana ni chakula cha Dodoma na Singida.

UMEPANDA AU UMEZIKA?

Sasa sikia yaliyonipata. Mwaka juzi, mwezi wa kumi, mvua ilinyesha Ijumaa usiku, mvua ya maana. Jumamosi asubuhi nikaona vuli ndiyo imeingia, nikanunua kilo mbili za mtama mweupe sokoni, nikadandia gari. Kijana mmoja wa bodaboda akanisaidia kuchimba mashimo. Tukachimba kama ya mahindi, jembe linazama lote. Tukatupia mbegu, tukafukia, tukakanyaga kwa miguu ili kunguru wasifukue. Nikapiga picha nikawatumia washikaji, nikaandika: mkulima wa kisasa.

Wiki mbili baadaye nikarudi. Robo eka nzima nilihesabu mashina yasiyofika 100, yamenyauka kama mchicha wa jana. Ile mvua ilikuwa ya kupita, haikurudi mpaka mwezi wa kumi na moja ulipokuwa unaishia.

Jirani yangu ni bibi mmoja mwenye eka moja, ambaye kwake kila masika kuna mtama. Alikuwa ameketi chini ya mwembe anachambua kunde.

“Shikamoo bibi.”

“Marahaba mjukuu wangu. Hujambo? Hebu nambie, ule mtama wako, umepanda au umezika?”

Kumbe alikuwa ananiangalia siku ile yote. Alinyamaza kwa sababu sikumuuliza. Bwana, watu wa pwani wana adabu, watakuacha uharibikiwe kwa heshima zako zote.

Akanieleza. Mbegu ya mtama ni ndogo, uzito wa punje 1 ya mahindi ni kama punje 10 hivi za mtama. Chakula chake cha safari ni kidogo. Ukiifukia chini sana inaishiwa nguvu kabla haijaona jua. Kina chake ni sentimita 3 hadi 5, yaani vidole viwili vilivyolala. Kwenye kichanga hiki cha Kerege ambacho juu hukauka upesi, unaenda kwenye 5, zaidi ya hapo unazika.

Na mvua moja si msimu. “Chimbua kwa jembe,” aliniambia. “Ukikuta unyevu uko juu tu na chini vumbi, rudi kwako ukalale. Ukikuta umeshuka zaidi ya urefu wa kiganja na wingu bado lipo, panda siku hiyo hiyo, usingoje Jumamosi yako.”

Hapo kwenye Jumamosi alinipiga kwenye mshono. Sisi wa mjini tunalima siku ya mapumziko. Mvua haina siku ya mapumziko.

BINAMU WA UJERUMANI

Nikiwa bado nina uchungu wangu, akanipigia simu binamu yangu aliyeko Ujerumani. Nikamsimulia nikitegemea pole. Akacheka mpaka nikamkatia. Alipopiga tena akaniambia kilichomchekesha: na yeye alikuwa amepanda mtama!

Alinunua punje nzima kwenye duka la Waafrika, akapanda nyuma ya nyumba mwezi wa nne, jua linawaka, watu wamevua makoti. Haukuota hata mmoja. Jua lilikuwa la machoni tu, udongo ulikuwa bado wa baridi. Mtama ni mwana wa joto, asili yake ni kaskazini mashariki mwa Afrika, pande za Sudan na Ethiopia. Udongo ukiwa chini ya nyuzi 10 za sentigredi mbegu inalala tu mpaka ioze. Wakulima wa Kijerumani husubiri katikati ya mwezi wa tano, udongo upite nyuzi 12 au 14, ndipo wapande. Huku Kerege hilo hatulijui, udongo wetu una joto mwaka mzima. Wao saa yao ni kipimajoto, sisi saa yetu ni wingu.

Basi binamu akarudia mwezi wa tano. Safari hii ukaota, ukapanda juu, ukampita kimo, majirani wakawa wanakuja kuuliza ni mmea gani. Mwezi wa saba hakuna suke. Wa nane hakuna suke. Mwezi wa kumi baridi kali ikapiga, asubuhi moja akakuta majani yote meusi. Hakuvuna hata punje moja.

Nilipomsimulia bibi, alicheka akashika mbavu. “Mtama wake umepotea njia,” alisema.

Na kweli ulipotea njia, tena wataalamu wanajua ni kwa nini. Mbegu nyingi za asili za Afrika hungoja siku zianze kufupika ndipo zitoe suke. Hapa kwetu karibu na ikweta, siku ndefu kuliko zote na fupi kuliko zote hazipishani hata saa nzima, na mtama unaihisi tofauti hiyo ndogo. Kule Ujerumani mwezi wa sita mchana una zaidi ya saa 16. Mmea unangoja giza ambalo haliji, na likija limefuatana na baridi ya kuua.

Wamarekani walilipatia dawa tatizo hilo. Mtama ulifika kwao zamani kutoka Afrika, na leo jimbo la Kansas ndilo linaloongoza huko. Mwaka 1963 walianza mpango maalumu wa kuzichukua mbegu ndefu za nchi za joto, kuzichanganya na zao, na kuchagua zile fupi zisizojali urefu wa mchana. Kwa hiyo binamu yangu alihitaji mbegu ya namna hiyo, inayokomaa mapema, na udongo uliopata joto. Basi. Mbegu ya kijijini haina kosa, ila kila mbegu inajua saa ya kwao.

MASIKA YA PILI

Mwezi wa tatu mwaka jana nikarudi shule, mwalimu bibi. Nikuorodheshee somo, labda na wewe una kiwanja chako mahali kinaota nyasi.

Kwanza nilipima mbegu. Unahesabu punje 100, unazifunga kwenye kitambaa kibichi, unaweka ndani. Baada ya siku nne au tano unafungua unahesabu zilizochipua. Zikifika 80 na zaidi, panda. Zikiwa 50, hiyo saga uji. Zangu zilikuwa 86, nikatembea kifua mbele.

Pili nilipanda kwa mstari. Sentimita 75 kutoka mstari hadi mstari, 30 kutoka shimo hadi shimo, punje chache kila shimo. Robo eka ilimeza chini ya kilo moja, na mwaka juzi nilimwaga kilo mbili! Miche ilipofikisha wiki mbili tukapunguza, tukaacha miwili miwili. Hapo moyo uliniuma. Kung'oa mche wenye afya kunataka roho ngumu, lakini ukiiacha yote inanyang'anyana maji na mbolea, mwisho unapata majani na masuke ya kutia aibu.

Tatu, mbuzi. Jirani mwingine ana mbuzi wanaotembea kama wana hati ya kijiji kizima. Nikadhani bibi anahofia mtama, kumbe anahofia mbuzi. Mtama mchanga, na ule ulionyaushwa na ukame, una sumu ya sianidi, ndugu yake ile iliyomo kwenye mhogo mchungu. Mbuzi au ng'ombe akiula wa kutosha anaweza kufa palepale. Ukishakomaa na kukauka vizuri sumu inapungua. Kwa hiyo nikaweka uzio wa miiba, na mwenye mbuzi nikamwendea kwa salamu na maelezo.

Nne, muda. Bibi alinipa hesabu ya kurudi nyuma. Mtama unataka mvua ukiwa unakua, lakini suke linapokauka unataka jua, la sivyo punje zinashika ukungu. Masika yetu ni mwezi wa tatu hadi wa tano. Mbegu fupi ya siku 100 na kitu ukiipanda mwishoni mwa mwezi wa tatu, inakomaa mwezi wa saba, mbingu nyeupe, upepo wa kusi unavuma. Nchini zipo mbegu za namna hiyo, kama Macia iliyotolewa mwaka 1999, nyeupe, fupi, unga wake mzuri.

Nikapanda Macia. Ikaota. Msomaji wangu, usipime! Mwezi wa tano robo eka yangu ilikuwa ya kijani mpaka wenye viwanja jirani wakawa wanasimamisha magari. Nikarudisha ile picha ya mkulima wa kisasa.

KASETI KWENYE MTI

Mwezi wa sita, punje zilipoanza kujaa, ukizibonyeza zinatoa maziwa, wakaja.

Mwanzoni walikuwa mnana wachache. Jumamosi iliyofuata walikuwa wengi, na wengine wadogo wadogo nisiowajua hata majina, wanatua kwenye suke wananing'inia kichwa chini, wanakamua maziwa wanaacha makapi. Nikafunga mikanda ya kaseti kuukuu kutoka mti hadi mti, upepo ukipiga inalia na kumetameta. Siku tatu walikimbia. Siku ya nne walikuwa wanatua juu ya kaseti yenyewe, nadhani waliipenda nyimbo.

Nikamlipa kijana wa kuwainga. Ndege wa mtama wanataka mtu alfajiri mpaka kama saa nne, halafu tena kuanzia saa kumi mpaka magharibi, kwa wiki tatu au nne mfululizo. Kijana alikuja siku tano, akapata kibarua cha ujenzi chenye mapene zaidi. Zamani kazi hiyo waliifanya watoto kwa kombeo na makopo. Sasa watoto wako shule, na ndiyo haki yao.

Nikaenda kwa bibi nimekasirika. Nikamuuliza, mbona zamani watu walivuna? Ndege si walikuwepo?

Akanitazama kidogo, akasema: “Hapo uliposimama palikuwa pa kaka yangu. Kule kwenye ukuta palikuwa pa shemeji. Mpaka kule barabarani ulikuwa mtama mtupu, tukipanda wiki moja sote. Ndege walikula kwa huyu, kwa huyu na kwa huyu, mwisho wake kila mtu alibaki na chake. Sasa mjukuu wangu tumebaki wawili. Ndege wa kijiji kizima wanakula kwako na kwangu. Ukipanda peke yako, umewapandia ndege.”

Nilinyamaza. Niliponunua kile kiwanja nilipewa karatasi yenye vipimo na mihuri. Hakuna aliyeniandikia kwamba nanunua nafasi ya shamba lililokuwa likimlinda mwenzake. Mimi niliyekuwa nawalalamikia ndege ndiye niliyewapunguzia meza, wakahamia zote kwenye sahani moja.

Tena bibi mwenyewe hana uhakika. Wanawe wako Dar, na mwezi ule walikuja na mtu wa vipimo. Nusu ya eka yake sasa ina mawe manne mapya. Sikuwa na mdomo wa kuwalaumu, maana bei ya ardhi ya Kerege leo si ya kucheka nayo, na mtama hauwezi kushindana nayo hata ukivunwa wote.

DEBE MBILI

Mwezi wa saba tulivuna. Wakulima wadogo nchini kwa kawaida hupata kama tani 1 kwa hekta, kwa hiyo robo eka yangu ilitakiwa kunipa gunia moja la kilo 100. Nilipata debe mbili. Yaani zaidi ya nusu iliruka na mabawa.

Bibi alipata afueni kidogo kuliko mimi. Kwake alichanganya mweupe na mwekundu. Mtama mwekundu au wa kahawia una uchachu unaokausha ulimi, na ndege wakiwa na pa kuchagua wanauruka. Waganda wa Serere walitoa zamani mbegu ya kahawia iitwayo Serena, ambayo sifa yake mojawapo ni hiyo. Ugali wake mweusi mweusi, haukupigi chenga kwa sura, lakini upo. Mweupe unapendeza kila mtu, ndege wakiwemo.

Tulikaa chini ya mwembe, akanipikia uji wa mtama mpya uliotiwa nazi na sukari kidogo. Nakwambia ukweli, nilikunywa vikombe vitatu. Ule uji wa paketi unaonunua dukani mjini ni mtoto wa kambo wa ule.

Tangu hapo nimefanya jambo ambalo kwa mtu wa mjini ni gumu kuliko kulima: nimegonga mageti. Wenye viwanja wanaonizunguka wengi hawajajenga na hawatajenga mwakani. Nikawaambia, nyasi unalipia zifyekwe, mtama utakupa uji. Wawili wamekubali. Mmoja ameuliza kama nimeokoka. Mwingine amesema atafikiria, na kwa Kiswahili cha mjini hiyo ni hapana.

Wawili, mimi na bibi, tunakuwa wanne. Tumekubaliana mbegu moja ya muda mmoja, wiki moja ya kupanda, mwekundu pembeni na mweupe katikati, na mlinzi mmoja wa ndege tutakayemlipa kwa pamoja ili asitukimbie. Bibi amewaomba wanawe wasubiri masika hii ipite kabla hawajaleta mnunuzi. Wamesema sawa, watasubiri mpaka mavuno.

Binamu naye kaniambia safari hii ana mbegu fupi na kipimajoto cha kuchomeka ardhini. Tumewekeana dau la mbuzi. Mbuzi mwenyewe, bila shaka, tutamfunga mbali na shamba.

Wewe mwenye kiwanja Mapinga, Kerege, Zinga au Kiromo, ukipita na gari lako ukaona watu wanne wanapiga makopo alfajiri wakikimbizana na ndege, usidhani ni wendawazimu. Simama. Kopo la tano lipo.

Tukutane wiki ijayo, panapo majaliwa.